Uzi: Simu mpya ya bei ya kati au ya mtumba ya daraja la juu? Vitu vya kupima kabla ya kutoa hela

Mpima_Simu

Wakuu, salamu zenu. Mtu akiuliza "nichukue simu gani" hujibiwa kwa jina la simu, anaondoka na jina bila sababu. Uzi huu tuujenge kwa vitu vinavyopimika. Nimechukua simu tano za mfano: Samsung Galaxy A16 ya 4G, Infinix Note 40 ya 4G na Redmi Note 13 ya 4G zikiwa mpya, halafu iPhone 11 na Pixel 6a za mtumba. Mwenye nyingine aongeze, lakini aseme kwa nini.

Naanza na hifadhi, kwa sababu ndiyo inayozeesha simu kabla ya siku zake na ndiyo isiyotajwa kwenye tangazo. Sokoni kuna aina mbili za hifadhi: eMMC, ya zamani, na UFS, mpya zaidi. eMMC 5.1 husoma kwa takriban MB 250 hadi 300 kwa sekunde, na haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. UFS 2.2 hukaribia MB 1,000, na inasoma huku ikiandika. Dukani hutaona tofauti, simu ikiwa tupu. Utaiona miezi minane baadaye, WhatsApp inashusha video za makundi matano, Play Store inasasisha programu, na wewe uko kwenye daladala unataka kufungua programu ya kulipia. Simu ya eMMC inaganda pale pale, na watu husema "RAM ndogo". Si RAM, ni foleni kwenye hifadhi.

Note 40 na Redmi Note 13 zina UFS 2.2. Pixel 6a ina UFS 3.1. Kwa simu isiyotaja aina, weka programu ya kupimia iitwayo AndroBench, pima usomaji wa mfululizo: ikigota kwenye 300 hivi, hiyo ni eMMC. Na usinunue GB 64 leo. Mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, WhatsApp inamaliza iliyobaki, na hifadhi ikishajaa zaidi ya asilimia 90 hata UFS inaanza kuburuta. Anzia GB 128.

RAM nayo ina mtego wake. Boksi limeandikwa GB 16, ndani mna 8. Nane nyingine zimekopwa kwenye hifadhi. Infinix na Tecno huita MemFusion, Samsung huita RAM Plus. Kwenye simu ya RAM 4 yenye eMMC, kuiwasha kunaongeza kazi kwenye hifadhi ile ile iliyoelemewa, kwa hiyo izime kisha uwashe simu upya. Kwenye simu ya RAM 8 hutahisi tofauti yoyote ukizima. Soma namba ya kwanza tu, ile iliyo kabla ya alama ya kujumlisha.

Prosesa: A16 na Note 40 zinatumia Helio G99, ya nanomita 6, yenye kiini kikubwa cha Cortex-A76 mara mbili. Hapo ndipo ninapoweka mstari wa chini kwa mtu anayetaka simu ikae miaka minne. Helio G85 na Unisoc T606 ni za nanomita 12 na viini vya A75, zinafaa kwa mtu wa simu na WhatsApp. Helio G36 ina viini vinane vya Cortex-A53, muundo uliotangazwa mwaka 2012. Muuzaji atakwambia "prosesa viini vinane" kwa zote nne. Uliza ni viini gani.

FundiSaketi

Mpima, umeanza vizuri ila mimi ningeanza na kioo. Prosesa haivunjiki. Kioo kinavunjika, na bei ya kioo ndiyo inayoamua kama simu inatengenezwa au inatupwa kwenye droo.

Simu zenye LCD ya IPS, kioo chenye taa nyuma yake, kama iPhone 11 na simu nyingi za bei ya chini, kioo chake ni nafuu na nakala zake zinafanya kazi bila tabu kubwa. AMOLED, ambayo kila nukta hujiwashia mwanga wake, kama ya A16, Note 40 na Redmi Note 13, picha ni nzuri zaidi na nyeusi yake ni nyeusi kweli, lakini kioo halisi kinaweza kufika nusu ya bei ya simu. Fundi wa haraka atakuwekea nakala ya LCD kwenye simu ya AMOLED. Madhara yake ni haya: kioo ni kinene kwa hiyo kinachomoza juu ya fremu na mfuko unakibandua, mwanga wake hafifu juani, betri inaisha mapema kwa sababu taa ya nyuma inawaka hata picha ikiwa nyeusi, na kwa simu zenye alama ya kidole chini ya kioo, kama Note 40 na Redmi Note 13, kidole kinakufa kabisa. Kisoma alama cha aina hiyo kinapiga picha ya kidole kupitia kioo, na LCD haipitishi mwanga. A16 ina kisoma alama pembeni kwenye kitufe cha kuwasha, kwa hiyo haina tatizo hilo. Pixel 6a hata ukiweka kioo halisi, kisoma alama kinahitaji kusawazishwa upya kwa zana ya Google kwenye kompyuta, na mafundi wengi wanaruka hatua hiyo.

Kwa anayenunua mtumba, kutambua kioo cha nakala kwenye simu ya AMOLED ni rahisi. Fungua picha nyeusi tii, ongeza mwanga hadi mwisho, funika simu kwa koti au ingia mahali penye giza. Ikitoa ukungu wa kijivu au samawati, umewekewa LCD. AMOLED halisi hutaona hata mpaka wa kioo. Kisha fungua picha nyeupe utazame kama kuna kivuli cha kibodi au alama za juu zilizoungua, na mstari wa kijani wa wima. Mstari huo ukishatokea haurudi nyuma. Dawa ni kubadilisha skrini nzima.

Kwa Samsung piga *#0*# upimie rangi, mguso, sensa na spika hapo hapo. Kwa Redmi ni *#*#6484#*#*. Kwenye jaribio la mguso pitisha kidole pembezoni kote, maana nakala nyingi hufia pembeni.

Zulekha_Tanga

FundiSaketi, na hizi alama za kinga ya vumbi na maji, IP54 na IP67? Wauzaji wanasema haingii maji.

FundiSaketi

Dada Zulekha, tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji. IP54, ya A16 na Redmi Note 13, ni matone na manyunyu: mvua ya kukimbilia kibanda, sawa. IP67, ya Pixel 6a, ni kuzama mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji baridi ya kawaida. iPhone 11 ni IP68, mita 2 kwa dakika 30. Vipimo vyote ni vya maji matamu, na hakuna hata kimoja kinachokuhusu ukiwa pwani: maji ya bahari yana chumvi, yanakula pini za chaji hata simu ikiwa haijaingia maji ndani. Ikilowa maji ya chumvi isuuze kwa maji safi kama ni ya IP67 au zaidi, kisha usiichomeke chaji mpaka tundu likauke kabisa.

Jambo kubwa zaidi kwa mtumba: kinga hiyo inategemea gundi ya kiwandani iliyozunguka kioo na mgongo. Simu ikishafunguliwa mara moja kubadilishwa betri au kioo, ikafungwa kwa gundi ya mafundi ya B-7000, ihesabu kama haina kinga ya maji. Gundi inashika vizuri, lakini haizibi kwa usawa ule wa kiwanda.

Laini_Mbili_KE

Nichangie upande wa mtandao, kwa sababu hapo simu kutoka nje huwaumiza watu.

Kwanza laini. iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi. iPhone 17 na 17 Pro zimeongeza orodha: za Oman, Saudi Arabia, Kuwait, Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu nazo ni eSIM tupu, na iPhone Air haina tundu popote duniani. Ndugu akikutumia simu kutoka Muscat au Dubai, mwulize modeli kabla hajalipa. eSIM yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba ukihama simu huchomoi laini ukaweka kwenye kitochi, lazima mtandao ukutolee msimbo mpya, na simu ikifa safarini namba yako ya pesa imelala nayo. iPhone 11 ina tundu moja na eSIM moja. Za Hong Kong na China bara ndizo zenye matundu mawili ya laini.

Pili kufuli. Simu ya mtandao wa Marekani inaweza kuwa imefungiwa mtandao ule. Weka laini yako mwenyewe, piga simu, washa data. Usikubali "itafunguka ukifika nyumbani". Kwenye iPhone angalia Settings, General, About, mstari wa Carrier Lock uandike "No SIM restrictions". Kisha vuta trei ya laini nje utazame kama kuna kijikaratasi chembamba chenye chipu chini ya laini. Kikiwepo, simu imefungwa na inadanganywa, na sasisho moja linaweza kuiondoa hewani.

Tatu masafa. Safaricom hupitisha 4G kwenye bendi 3, yaani MHz 1800, na bendi 20, yaani MHz 800. Ile 800 ndiyo inayofika mbali na kupenya kuta. Simu za bei nafuu zilizotengenezewa mitandao ya Marekani mara nyingi hukosa bendi 20, kwa hiyo mjini inaonyesha 4G na kijijini inashuka 3G, watu wakailaumu laini. Tafuta namba kamili ya modeli kwenye Kuhusu simu, kwa mfano SM-A na tarakimu zake, usome bendi za modeli hiyo hasa. Herufi U mwishoni mwa namba ya Samsung ni ya Marekani.

Nne, simu za mkopo. Simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku zina kufuli la mkopeshaji ndani ya mfumo. Mtu anaacha kulipa, anakuuzia, inafanya kazi siku mbili tatu kisha inajifunga. Kuifuta irudi kama ilivyotoka kiwandani hakuliondoi. Nenda Mipangilio, Usalama, kwenye programu za msimamizi wa kifaa. Ukiona jina la kampuni ya mkopo, irudishe mezani.

Mpima_Simu

Laini_Mbili, asante sana. Niongeze la IMEI, namba ya utambulisho wa kila simu. Piga *#06#, linganisha namba na ya kwenye boksi na ya kwenye Kuhusu simu. Zote zifanane. Tanzania tuma namba hiyo kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, na majibu yatakutajia aina ya simu. Jibu likitaja simu nyingine tofauti na uliyoshika mkononi, IMEI imechezewa. Wanaokumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia wanajua hili si jambo la kinadharia.

Kijana_wa_Aggrey

Wakuu swali fupi. Note 40 na Redmi Note 13 zina megapikseli 108. iPhone 11 ina 12. Inakuwaje watu waseme iPhone inapiga picha vizuri zaidi?

Picha_na_Mwanga

Mkuu, zile 108 zinaunganishwa tisa tisa kuwa moja, unapata picha ya megapikseli 12. Kwa hiyo kwenye hali ya kawaida zote tatu zinatoa picha ya ukubwa uleule. Kinachotenganisha ni mambo mengine.

La kwanza ni uchakataji. Simu haipigi picha moja, inapiga kadhaa kwa haraka na kuzichanganya. iPhone na Pixel zinafanya hivyo vizuri kwa sababu prosesa zao zina sehemu ya picha yenye nguvu. Mtu akitembea, simu dhaifu inakupa mkono wenye ukungu. Pixel 6 ndiyo ilianza na Real Tone mwaka 2021, kazi mahususi ya kupata rangi ya ngozi nyeusi bila kuipausha, na 6a imeirithi. Tecno nao wameiwekea ngozi yetu juhudi kwa miaka mingi, ila wengi huacha kile kipodozi cha uso kikiwa kimewashwa na kulaumu kamera. Kizime kwanza kisha uhukumu.

La pili ni kutulia kwa lenzi. Note 40 ina OIS, lenzi inayojitikisa kufuta mtetemo wa mkono. Redmi Note 13 ya 4G haina. Jioni, ndani ya ukumbi wa harusi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko megapikseli zote.

La tatu video, na hapa sina huruma. iPhone 11 inarekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde kwenye kamera zake zote. Helio G99 haifiki 4K, mwisho wake ni 2K kwa fremu 30. Anayeuza bidhaa kwa video za TikTok na Instagram, iPhone 11 ya mtumba iliyo nzima itamfaa kuliko simu mpya yoyote kati ya hizi tatu.

Zile lenzi za ziada za megapikseli 2 zilizopangwa nyuma kama macho ya ziada, usizihesabu. Dukani fanya hivi: piga mtu aliyesimama kinyume na mlango wenye jua, halafu piga maandishi ya boksi kwa karibu, halafu rekodi video ukitembea hatua kumi. Kuza picha ya kwanza uangalie uso. Uso ukiwa kivuli kitupu, au mbingu ikiwa nyeupe yote, umeshapata jibu.

Mangi_iPhone

Kwa kuwa iPhone imetajwa sana, hii ndiyo njia ya kuikagua bila kuruka hatua.

Fungua Settings, General, About. Tazama Model Number bila kuibonyeza. Herufi ya kwanza M ni iliyouzwa mpya, F ni iliyofanyiwa ukarabati na Apple, N ni iliyotolewa badala ya mbovu. Mtu akisema "mpya" na herufi ni F, bei ishuke. Hapo hapo shuka chini kwenye historia ya vipuri. iPhone 11 inataja betri na kioo, kuanzia iPhone 12 inataja na kamera. Ukikuta "Unknown Part", kipuri si cha Apple au hakikusajiliwa. Si lazima uikatae, ila ilipie kama simu iliyofunguliwa.

Nenda Battery uone Maximum Capacity. Apple walitengeneza betri za iPhone 14 na za nyuma zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. iPhone 11 ilitoka Septemba 2019. Ikionyesha asilimia 100 na betri "ya kwake", mtu amebadilisha namba kwa kifaa cha fundi. Ipime kwa vitendo: ongeza mwanga, washa kamera ya video dakika tano. Betri ya kweli inashuka asilimia chache kwa utaratibu. Iliyodanganywa inaruka, 64 kisha 57, au inazima ghafla ikiwa na 20.

Vuta kituo cha udhibiti, shikilia mwanga, angalia kama True Tone, ile ya kulinganisha rangi ya kioo na mwanga wa mahali ulipo, ipo. Ikikosekana, kioo kimebadilishwa bila kuhamishiwa taarifa. Jaribu Face ID kwa kusajili uso wako. Ikikataa, matengenezo yake ni magumu na mafundi wengi hawayawezi.

Halafu hatua ambayo watu hawaifanyi: ifutwe yote mbele yako, na uianzishe upya mpaka mwisho ukiwa umeunganishwa na intaneti. Kufuli la iCloud na usimamizi wa kampuni, unaoandikwa Remote Management, huonekana baada ya simu kufutwa na kufika mtandaoni. Simu ya kampuni inaweza kufanya kazi vizuri mikononi mwa muuzaji, ukaifuta nyumbani ikakuomba nywila ya ofisi iliyoko Ulaya. Hiyo huwezi kuifungua kihalali bila kampuni husika.

Kuhusu umri: iOS 26 iliyotoka Septemba 2025 iliziacha XR, XS na XS Max. iPhone 11 ndiyo ya mwisho kwenye mstari. Kwa hiyo anayeinunua sasa ajue anakalia kiti cha nyuma kabisa cha basi.

Mhasibu_wa_Simu

Hoja ya mwisho ya Mangi ndiyo inapaswa kuingia kwenye hesabu. Gawanyeni bei kwa miaka ya masasisho iliyobaki, na mjumlishe kipuri kimoja kikubwa.

A16 iliahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya usalama, ilitoka mwishoni mwa 2024. Note 40 ilitoka Machi 2024 na ahadi ya matoleo mawili na miezi 36 ya usalama. Pixel 6a ina masasisho mpaka Julai 2027.

Mfano wa hesabu: simu ya laki 4 yenye miaka mitano mbele yake, ongeza kioo cha laki 1.5, ni laki 1 na elfu 10 kwa mwaka. Simu ya laki 3 yenye miaka miwili, ongeza betri ya elfu 50, ni laki 1 na elfu 75 kwa mwaka. Ya bei rahisi imekuwa ghali. Masasisho hayahusu urembo: programu za benki hukataa mifumo ya zamani, na WhatsApp yenyewe iliacha Android 4.4 Januari 2025.

FundiSaketi

Mhasibu, hesabu nzuri ila umesahau kwamba miaka sita ya masasisho kwenye RAM 4 haina raha. A16 inauzwa ya RAM 4, 6 na 8. Ahadi ni ileile, mfumo unaongezeka uzito kila toleo. Anayechukua A16 kwa ajili ya miaka sita achukue ya 8. Ya 4 mimi naihesabu miaka mitatu.

Mhasibu_wa_Simu

Nimekubali. Igawanyeni kwa mitatu.

Chaji_Salama

Betri na chaji, kwa ufupi lakini tusikosee.

A16 haina chaja ndani ya boksi. Inapokea wati 25, lakini inazipata tu kwa chaja ya USB-C yenye PPS, mfumo wa chaja kurekebisha volti kadiri simu inavyohitaji. Ukitumia chaja ya kawaida utapata wati 10 hadi 15 na betri ya mAh 5,000 itachukua muda mrefu mno. Note 40 inakuja na chaja ya wati 45, Redmi Note 13 ya wati 33. Chaja hizo zina lugha yao: chaja ya Infinix ukiichomeka kwenye Samsung haitoi kasi ile, na kinyume chake. Ikipotea, nunua ya kampuni ileile. Kebo nayo ni sehemu ya chaji, kebo nyembamba inapasha moto tundu.

Kinachoua betri ni joto likiwa pamoja na chaji kamili. Simu iko kwenye dashibodi ya gari, inaongoza njia, inachajiwa, jua la saa nane: hapo unakula miezi ya betri kwa alasiri moja. Samsung wanayo kinga ya kusimamisha chaji asilimia 80, iwasheni kama simu inalala kwenye chaji. Umeme ukiwa unakatika na kurudi, chomoa; ule mpigo wa kurudi ndio unaounguza chaja, na chaja mbovu huishia kwenye IC ya chaji, chipu inayosimamia chaji ndani ya simu.

Kwa Pixel 6a kuna la kujua. Kuanzia Julai 2025 Google walitoa sasisho la lazima: betri za baadhi ya 6a zikifikisha mizunguko 400, mfumo unapunguza uwezo na kasi ya chaji ili zisipate moto kupita kiasi. Sababu ni usalama, na ni sahihi, lakini mnunuzi wa mtumba atashangaa simu haifiki jioni. Bei ya 6a iwe na nafasi ya betri mpya ndani yake.

Walioko Ulaya wanaotutumia simu: tangu 20 Juni 2025 kila simu mpya inayouzwa huko ina lebo inayotaja mizunguko ya betri, daraja la kuanguka na daraja la kutengenezeka. Kiwango cha chini ni mizunguko 800 ikibaki na asilimia 80. Piga picha lebo hiyo uitume kabla ya kulipa.

Zulekha_Tanga

Na haya matangazo yanayojitokeza kwenye Infinix, Tecno na Redmi yanaondoka?

Laini_Mbili_KE

Yanapungua sana dada. Kwenye Infinix na Tecno, zima arifa za duka lao la programu, Palm Store, za kivinjari kilichokuja na simu na za mapendekezo ya skrini ya kwanza, kisha zima yale magazeti ya picha kwenye skrini iliyofungwa. Kwenye Redmi ingia Mipangilio, tafuta idhini, ondoa ruhusa ya programu iitwayo msa. Ikikataa mara ya kwanza rudia ukiwa na data, itakubali. Kisha zima arifa za GetApps, duka la programu la Redmi.

Ukiwa hapo kwenye Redmi, tazama namba ya toleo la mfumo. Ikiishia na MIXM ni ya soko la dunia, EUXM ni ya Ulaya. Ikiishia CNXM ni ya China. Boksi la dunia lenye mfumo wa CNXM, au mfumo wa dunia uliolazimishwa kwenye simu ya China, ni simu ambayo inaweza kukwama kwenye sasisho. Pia fungua Play Store, Mipangilio, Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google.

Kijana_wa_Aggrey

Wakuu nimeelewa. Mimi natumia laini mbili, napiga picha za bidhaa dukani jioni, sibadilishi simu mara kwa mara. Video si nyingi.

Mpima_Simu

Mkuu, picha za jioni zinaiondoa Redmi kwa kukosa OIS, laini mbili na umri zinaiondoa iPhone yenye tundu moja, na Pixel inaondoka kwa betri yake. Umebaki na Note 40 ya RAM 8 na A16 ya RAM 8. Kwa picha Note 40 inashinda wazi. Kwa kukaa muda mrefu A16 inashinda. Kwa kuwa picha ndizo zinazoingiza hela, mimi ningechukua Note 40, nikaweka pembeni hela ya kioo, na nikajua baada ya Machi 2027 masasisho ya usalama yamekwisha.

Kijana_wa_Aggrey

Na risiti iandikwe nini? Huwa wanaandika "simu 1" tu.

Mhasibu_wa_Simu

Iandikwe jina kamili la modeli, RAM na hifadhi, IMEI zote mbili, tarehe, mhuri, na muda wa waranti pamoja na anayeitoa: kampuni au duka. Hayo ni mambo mawili tofauti. Waranti ya kampuni unaipeleka kituo chao. Infinix, Tecno na itel wote ni Carlcare, na karani anaangalia IMEI kwenye mfumo wake. Waranti ya duka inaishia pale pale kaunta. Simu iliyoingizwa kwa ajili ya nchi nyingine inaweza kukosa waranti ya hapa hata ikiwa halisi, kwa hiyo IMEI yako ikaguliwe ukiwa bado umeshika hela. Na plastiki ya boksi uikate wewe mwenyewe, si muuzaji.